Mafundi friji wa Arusha, ile gesi tunayoiachia "fyuuu" inakwenda wapi? (Uzi mrefu, vuta kiti)

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi friji, kibanda changu kiko Mbauda. Uzi huu, wa jinsi gesi ya friji inavyoharibu ozoni (lile tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua), nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu nusu yake ni kujishtaki mwenyewe. Wiki iliyopita nikaishiwa visingizio.

Asubuhi kirikuu ilisimama mbele ya kibanda, nyuma imebeba friji ya mlango mmoja, ya zamani, imefungwa kamba za katani kama ng'ombe wa mnadani. Mbele na dereva alikaa bibi mmoja wa Sakina. Akashuka taratibu, akaniambia, "Baba, hii aliiacha mzee wangu. Wajukuu wanasema niitupe. Wewe niangalizie tu, haigandishi tena."

Nikaizungusha, nikapangusa kile kibati cha nyuma. R-12, ile gesi ya friji za zamani, gramu 140. Wakuu, sikumbuki mara ya mwisho kuona kibati cha 12 ambacho mabomba yake hayajawahi kuguswa. Mengi yalishakatwa na kuunganishwa mara tatu nne na watu kama mimi.

Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa ameshashika koleo, anasubiri niitikie tu akate kibomba cha kujazia pale kwenye kompresa. Simlaumu, ndivyo nilivyomfundisha: friji haigandishi, kata, acha ipumue, vuta vakyumu, piga gesi mpya, pokea hela. "Fyuuu" ya sekunde chache, harufu ya oili, basi.

Nikamwambia weka koleo chini. Akaniangalia kama mtu aliyemfuma mchungaji na kata ya mbege.

Nilichoifanyia ile friji nitakisema mwishoni. Kwanza nieleze kwa nini mkono uliniwia mzito.

#2 Mleta uzi

Kazi hii niliianza 1999, Moshi, kwa mzee mmoja nyuma ya soko la Mbuyuni. Siku moja nimekata bomba la friji ya 12, gesi haijaisha kutoka, na mimi kwa papara za ujana nikawasha moto wa kuchomelea. Moto wa buluu ukageuka kijani. Kijani kabisa, kama jani la mgomba likipigwa jua. Sekunde mbili koo likashikwa, macho yakatiririka, nikatoka nje nakohoa kama mbuzi aliyepaliwa. Mzee akacheka, "Umekunywa dawa leo."

Miaka ilipita ndipo kwenye semina moja nikaelezwa nilichokiona. Ile kijani ni klorini. Gesi ya R-12 ikipita kwenye moto inavunjika, klorini yake inakutana na shaba, na shaba yenye klorini ndiyo inayowaka kijani. Mafundi wa zamani walikuwa na taa ndogo iliyotumia ujanja huo huo kutafuta mvujo: unapitisha mpira wake kwenye maungio, moto ukigeuka kijani hapo ndipo panapovuja. Ukiijaribu kwenye 134 (gesi iliyokuja kuchukua nafasi ya 12) haigeuki, maana 134 haina klorini. Yale yaliyonibana koo ni tindikali na sumu zinazozaliwa gesi hiyo ikiungua. Vijana, msichomelee bomba lenye gesi ndani. Hilo halihitaji ozoni kulielewa.

Sasa shikeni hiyo klorini, maana uzi mzima ni yeye.

R-12 na ndugu yake R-11 zilitokana na kazi ya Thomas Midgley na wenzake kule Marekani mwaka 1928. (Midgley huyo huyo ndiye aliyewaletea watu madini ya risasi kwenye petroli. Mtu mmoja, madhara mawili ya dunia nzima.) Tusimhukumu haraka. Friji za kabla yake zilitumia amonia, salfa dayoksaidi, methili kloraidi. Mvujo mmoja usiku, familia nzima haiamki. Akaleta gesi isiyowaka, isiyo na sumu kwa anayeivuta kidogo, isiyoozesha bomba. Mwaka 1930 aliivuta mdomoni mbele ya wanakemia wenzake akaipuliza kwenye mshumaa, ukazimika. Watu wakapiga makofi.

Tabu ilikuwa kwenye sifa yenyewe. Gesi isiyoshikana na chochote haioshwi na mvua, hailiwi na udongo, jua la huku chini haliiwezi. R-12 inadumu angani kama miaka 100. Kwa hiyo inazurura mpaka inafika juu kwenye tabaka la ozoni, kilomita 15 hadi 35, ambako miale ya jua ya urujuanimno (UV) ni mikali kiasi cha kuipasua. Ikipasuka, klorini inaachiwa huru.

Klorini ikikutana na ozoni, ambayo ni atomi tatu za oksijeni zimeshikana mikono, inanyofoa moja. Inabaki oksijeni ya kawaida. Kisha ikikutana na atomi ya oksijeni iliyo peke yake, inaachia ile iliyonyofoa, zile mbili zinashikana, na klorini imebaki mikono mitupu, tayari kwa nyingine. Haichoki wala haipungui. Atomi moja inaweza kumaliza hadi molekuli 100,000 za ozoni kabla haijanaswa na kitu kingine.

Na ozoni yenyewe si nyingi kama tunavyodhani. Ukiikusanya yote iliyo juu ya kichwa chako ukaishusha huku usawa wa bahari, unene wake ni kama milimita 3. Kandambili iliyolika kisigino. Hiyo ndiyo inayotukinga.

Nikapiga hesabu yangu. Miaka ile nilifungua friji za 12 kama mbili kwa wiki, gramu 150 kila moja. Kwa mwaka ni kilo 15 na ushee. Mtu mmoja huyo, na koleo lake. Na kama ozoni haikugusi, R-12 pia inashika joto mara 10,900 ya kaboni dayoksaidi, kilo kwa kilo. Kilo 15 zangu ni sawa na zaidi ya tani 160 za kaboni dayoksaidi.

#3 Mchangiaji

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, hapo kwenye kupanda juu unatupiga. Gesi ya friji ni nzito kuliko hewa, kila fundi anajua inakaa sakafuni. Itapandaje kilomita 20?

#4 Mleta uzi

Swali zuri, na mimi niliuliza hilo hilo nikaonekana mbishi.

Ndani ya chumba cha baridi kilichofungwa uko sahihi, inatulia chini, na fundi akiinama kutafuta mvujo anaweza kukosa hewa akaangukia hapo hapo. Nje mambo ni mengine. Vumbi la Makuyuni ni zito kuliko hewa mara ngapi? Na kiangazi tunalila mpaka mjini. Hewa ya dunia inakorogwa na upepo na joto mchana na usiku, haitulii kama maziwa ya mgando yakajitenga. Inachukua miaka kufika juu, lakini R-12 ina miaka 100, haina haraka. Na si nadharia tu, maputo na ndege za utafiti zimeikuta huko huko.

Waliopiga kengele ni Mario Molina, kijana wa Mexico, na Sherwood Rowland, wote wakiwa California, mwaka 1974. Wenye viwanda wakawabeza miaka kumi. Halafu mwaka 1985 Waingereza watatu, Joe Farman na wenzake wawili, wakatoa vipimo vya kituo chao cha Halley kule Antaktika, ncha ya kusini ya dunia: kila ikifika Septemba na Oktoba ozoni inaporomoka vibaya. Ndilo hilo tundu la ozoni. Kwa nini kule, wakati friji ziko huku? Kwa sababu kule majira ya giza kuna baridi ya chini ya nyuzi 78 hasi, mawingu ya ajabu yanajitengeneza, klorini iliyokuwa imelala inaamshwa juu yake. Jua la kwanza likichomoza, karamu inaanza.

Rowland, Molina na Mholanzi Paul Crutzen walipewa Nobel ya kemia 1995.

#5 Mchangiaji

Kwa hiyo hili joto la siku hizi, na theluji ya Mlima inayoisha, ni tundu la ozoni?

#6 Mleta uzi

Hapana, na hapa ndipo redio na mahubiri vinapotuchanganya. Joto linaletwa na gesi zinazoshika joto, kaboni dayoksaidi ikiongoza. Ozoni kazi yake ni kuchuja miale ya urujuanimno. Ni kesi mbili tofauti, ila baadhi ya washtakiwa wako kwenye zote mbili, kama R-12 na R-22 ya kwenye AC. Theluji ya Kilimanjaro inaondoka kwa ukame na mabadiliko ya tabianchi. Tundu la ozoni haliko juu ya Kibo.

Huku karibu na ikweta ozoni haikupungua sana hata miaka ile mibaya. Lakini kwa asili yake hapa ni nyembamba kuliko kwa Wazungu, jua liko utosini, na sisi tuko juu: kila ukipanda mita 1,000 miale hiyo inaongezeka kama asilimia 10. Waulize wapagazi, midomo inavyopasuka wakishuka.

Wanaolipa zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino. Wanaoifahamu KCMC, ile hospitali ya pale Moshi, wanajua kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na kwamba wanatengeneza hapo hapo mafuta ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili yao. Niliwahi kumwona kijana amevua kofia pana kule Kiborloni, mpaka wa kofia umechorwa kwenye paji la uso kama kwa kalamu, juu salama, chini madoa na vidonda. Ozoni tuliyo nayo sasa inachuja sehemu kubwa ya miale, na bado hali ndiyo hiyo.

#7 Mchangiaji

Kaka umenigusa. Mimi nilifanya kazi shamba la maua njia ya Usa River, zamani, sitalitaja. Kulikuwa na dawa ya udongo. Tunafunika matuta kwa nailoni, kingo tunazifukia kwa udongo, halafu gesi inaachiwa ndani na wanaume waliovaa barakoa. Sisi wanawake tulikuwa wa kufunua. Ukifunua mapema macho yanawasha kama umekatiwa vitunguu gunia zima. Baadaye ikasimamishwa, tukaambiwa inaharibu anga. Tulicheka sana, tukasema kumbe macho yetu hayakuhesabiwa, anga ndiyo imehesabiwa.

#8 Mleta uzi

Dada, asante, na pole. Hiyo maelezo yake yanafanana na methili bromaidi. Yenyewe haina harufu ya kumwonya mtu, kwa hiyo mara nyingi ilichanganywa na dawa nyingine inayowasha macho ili watu wakimbie. Yaani yale macho yaliwashwa makusudi, na bado mkasimamishwa hapo.

Ndani yake kuna bromini, na bromini ni shemeji mbaya kuliko klorini: atomi kwa atomi inamaliza ozoni kama mara 60. Nchi zetu zilipewa hadi 2015 kuiacha mashambani. Iliyobaki ruksa ni ile ya kufukizia mizigo inayovuka mipaka, wadudu wasisafiri nayo. Ukitaka kujua ya viuatilifu kwa hapa kwetu, mamlaka yenyewe iko Ngaramtoni, TPHPA, wale tuliozoea kuwaita TPRI.

Na nyie mnaotengeneza makochi na vitanda kwa mbao za paleti, angalieni muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona HT, mbao zilipashwa moto tu. Ukiona MB, zilifukizwa na hiyo hiyo gesi. Mimi MB siingizi chumbani kwa watoto.

#9 Mchangiaji

Na mbolea? Nilisikia nayo imo.

#10 Mleta uzi

Imo. Mbolea ya naitrojeni ikizidi mahitaji ya mmea, vijidudu vya udongo vinaigeuza kuwa naitrasi oksaidi. Kwa kuwa zile za friji zimebanwa, sasa hivi hiyo ndiyo inayoongoza kati ya gesi za kuharibu ozoni zinazotolewa na binadamu, na mkataba wa ozoni hauigusi. Zaidi ya hapo waje wa kilimo, mimi nitababaisha.

#11 Mchangiaji (fundi mwenzako, Ngarenaro)

Mkuu nakuheshimu ila unatuchomea. Mwenye bucha anapiga simu usiku nyama inaharibika, wewe unamletea hadithi za Antaktika? Mashine ya kunyonyea gesi ni mtaji wa kibanda kizima. Waharibifu ni Wazungu, walitumia miaka sitini, wakatajirika, sasa koleo langu ndilo tatizo.

#12 Mleta uzi

Kaka, hasira yako ni halali, na waliokaa mezani waliijua. Mkataba wa Montreal ulisainiwa 16 Septemba 1987, Tanzania tukaingia 1993. Matajiri waliambiwa waache CFC (kundi la R-11 na R-12) ifikapo 1996, sisi tukapewa hadi 2010, na ukawekwa mfuko ambao wao wanachanga ili nchi zetu zibadili mitambo na mafundi wafundishwe. Zile semina za siku tatu na vyeti vyake, tunazoendea chai na maandazi, sehemu kubwa zimetoka huko. Ni mkataba wa nadra: nchi zote zimo, wanachama 198 ukihesabu na Umoja wa Ulaya.

Na macho yapo. Mwaka 2018 vipimo vya hewa vilionyesha R-11 haishuki kama inavyotakiwa, mtu anaitengeneza kwa siri. Wakafuatilia upepo hadi mashariki ya China, ikaonekana sehemu kubwa inatoka huko, na baada ya muda ikashuka tena. Hewa haifichi mwizi.

Sasa tuongee hela, maana ndiko unakotaka. R-22 iliyoko kwenye bucha zako na AC za hoteli ni ndugu mdogo wa 12. Uharibifu wake kwa ozoni ni asilimia 5 na nusu tu ya ule wa 12, lakini klorini ni ile ile. Nchi zetu zilitakiwa kupunguza asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na 2030 inabaki kijiko cha kuhudumia mitambo ya zamani. Mtungi wa 22 unaona bei inavyokwenda. Halafu AC ikifa unakata, unaachia kilo moja nzima hewani, kesho unakwenda dukani kununua kilo hiyo hiyo. Hapo Mzungu hayupo, kaka. Ni mimi na wewe.

Mashine ya dukani sina hata mimi. Nilichukua kompresa nzima ya friji iliyokufa mwili, nikaifunga kwenye ubao na filta mbele yake. Inanyonya upande mmoja, inasukuma kwenye mtungi wa kunyonyea ulio ndani ya beseni la maji ya barafu. Mtungi uko juu ya mizani muda wote, na sijazi kupita asilimia 80, maana gesi iliyogeuka majimaji ikikosa nafasi ya kupanuka mtungi unakuwa bomu. Mtungi mmoja gesi moja. Ukichanganya 22 na 134 umetengeneza uchafu ambao hakuna wa kuusafisha. Inachukua dakika ishirini, thelathini. Wakati huo nakunywa chai.

#13 Mchangiaji

Friji yangu imeandikwa R600a. Fundi amenijazia gesi ya jikoni, kasema ni kitu kimoja. Inapiga kazi.

#14 Mleta uzi

Mkuu, chomoa hiyo friji leo, fungua madirisha, usiwashe kiberiti.

600 ni isobyuteni, kweli ni jamaa ya gesi ya jikoni, kwa ozoni haina neno na joto haishiki kitu. Lakini ni safi, imekaushwa, na inajazwa kwa mizani, gramu 40, 50, 60, kama kibati kinavyosema. Gesi ya jikoni ni mchanganyiko, ina unyevu na dawa ya harufu, presha yake ni nyingine. Na huyo aliyekujazia bila shaka hakupima, alisikilizia kwa mkono. Tafuta fundi anayekubali kupima.

Na wanaojaza 134 kwenye kompresa ya 12 wakashangaa inakufa baada ya miezi: oili za 12 hazielewani na 134. Oili haizunguki kurudi, kompresa inasagika kavu.

#15 Mchangiaji

Uzi umeshiba. Sasa tumalizie ya bibi.

#16 Mleta uzi

Ya bibi.

Friji nikaichomeka. Kompresa ikawaka bila kelele, kondensa nyuma ikapata moto vizuri, baada ya muda barafu ikaanza kushika sahani yote ya juu, kona hadi kona. Friji iliyovujisha gesi haifanyi hivyo, ingeshika kipande tu. Gesi ilikuwa imejaa. Ingekuwa zamani ningekuwa nimeshaimwaga hewani bila hata kuiuliza.

Nikatoa noti ya elfu moja, nikaibana mlangoni, nikaivuta. Ikateleza kama iko mfukoni. Nikazunguka mlango mzima na noti yangu, kona ya chini ikaanguka yenyewe. Mpira wa mlango umekakamaa, umepasuka, joto la Sakina lote linaingia ndani, kompresa inakimbia usiku kucha bila kufika.

Mpira wa saizi hiyo haupo madukani siku hizi. Kijana akaenda kwa wauza vyuma chakavu akapata mlango wa friji nyingine, tukakata mpira wake kwa nyuzi 45 kwenye kona, tukaubandika, tukaupasha kwa maji moto ukakaa. Hapo kwa vyuma chakavu kijana alikuta wanapasua maboksi ya friji kwa shoka kutoa bati. Lile povu la njano ndani ya kuta za friji za zamani lilipulizwa kwa R-11, na mara nyingi gesi iliyomo kwenye povu ni nyingi kuliko ya kwenye mabomba. Mimi hilo sina dawa yake. Boksi zima nikilipata namuuzia mtu wa Kijenge anayetengeneza mashine za kutotolea vifaranga, angalau povu linabaki ndani ya ukuta.

Wanasayansi wanasema tukiendelea kuushika mkataba ozoni yetu ya huku itarudi ilivyokuwa 1980 kwenye 2040, ya Antaktika 2066 hivi. Kijana wangu atayaona. Mimi nitajaribu.

Bibi alirudi Ijumaa. Akafungua mlango, akafunga, akasikiliza ule mlio wa "pwa" wa mpira ukishika. Akauliza, "Gesi umeweka ya shilingi ngapi?"

Nikamwambia sijaweka gesi, Bibi. Ni ile ile ya Mzee.

Akanilipa ya mpira, akanitolea ndizi mshale mkungu mzima kwenye kirikuu, na dereva akaanza kufunga kamba.